Simu Imepona

Tairi la lori lilipasuka nje ya soko la simu, na watu wote wakalala chini. Miezi minne ilikuwa imepita tangu magaidi walipue kituo cha basi, lakini masikio ya mji yalikuwa hayajapona. Fundi simu alijikuta chini ya meza yake, uso kwa uso na msichana wa gauni la njano, futi ya ushonaji shingoni.

"Karibu dukani," akamwambia.

"Makubwa! Mgeni kukaribishwa uvunguni?"

Wakacheka mpaka wakatokwa machozi, na machozi yakagoma kukatika.

Msichana alileta simu ya dada yake, aliyefia kituoni. Kioo kilikuwa kimesagika. Yeye alitaka picha tu. Fundi akasema vipuri ni adimu. Muongo! Alitaka msichana arudi. Naye akarudi, na kufikia wiki ya tatu walikuwa wakipigiana kila asubuhi.

"Umeamka, fundi wangu?"

"Usiniamshe, nakuota wewe."

"Una maneno! Na simu ya dada?"

"Leo leo, kipenzi."

Mazoea yana taabu. Kwa fundi huyu, simu haijapona mpaka ipige. Kioo kipya kilipowaka, akabonyeza namba ya juu kabisa katika orodha ya simu zilizopigwa, bila kuitazama.

Cherehanini kwake, msichana yule mshonaji aliona neno "Dada" likiwaka. Siku ya mlipuko dada alipiga, yeye akaiacha iite ili amalizie pindo. Safari hii aliidaka kabla ya mlio wa pili.

"Dada! Uko wapi? Nakuja!"

Fundi akaitambua sauti. "Mpenzi... ni mimi. Simu imepona."

Ikakatwa. Kwa siku nne alimpigia kwa simu yake mwenyewe, haikupokelewa. Siku ya tano akafunga duka, akaenda.

Alimkuta akishona, macho yamevimba.

"Umenifanya nimzike mara ya pili," mshonaji akasema.

"Nimekosa. Sina la kujitetea."

Ndipo mshonaji akalia, kilio alichokibana tangu siku ya mlipuko. Fundi akaketi sakafuni akisubiri, akiogopa kwamba kilio kikiisha atafukuzwa.

"Simu siziwezi tena," mshonaji akasema mwishowe, akijifuta kwa kipande cha kitambaa. "Ukinitaka, usinipigie. Njoo."

"Si nimeshakuja?"