Sahani Isiyorudi Tupu

Kwenye foleni ya mikate ya ufuta, sokoni Bursa, Uturuki, kijana mmoja mwenye koti la buluu alikuwa akinong'ona: "İçiyorum, içiyorsun, içiyor." Ninakunywa, unakunywa, anakunywa.

"Kaka, unakunywa nini na foleni inakupita?" akauliza msichana nyuma yake, skafu ya manjano shingoni, kikapu cha nyanya mkononi.

Orkun akaona haya. Alizaliwa Ujerumani, wazazi Waturuki, akaja Bursa kwa kazi, na lugha ya bibi yake ilikuwa ikimteleza kinywani kama sabuni. "Najifunza, dada. Kusema ninakunywa sasa hivi, naweza. Kusema mimi hunywa kila siku, hapo ndipo ninaposhindwa."

"İçerim," akamfundisha yule msichana, Sevtap. "Haya, wewe chai hunywa?"

"İçerim."

"Basi twende, mwanafunzi."

Wakanywa siku hiyo, wakanywa na nyingine. Simu zikawa ndefu.

"Umelala, roho yangu?"

"Nitalalaje na wewe unaongea?"

Bi. Nurten, mama yake Sevtap, aliposikia kijana anaishi peke yake, akampelekea sahani ya wali uliofungwa kwa majani ya mzabibu. Orkun akala, akalamba vidole, akaisugua sahani ikang'aa, akairudisha. Tupu.

Bi. Nurten akaigeuzageuza. "Mwanangu, sahani ya watu hairudi tupu. Huyu anatuambia yamekwisha."

Sevtap hakubisha. Simu ikalia mpaka ikachoka. Kesho yake akapokea.

"Nimekukosea nini?"

"Sahani."

"Ina ufa?"

"Afadhali ingekuwa na ufa." Akamweleza.

"Kule tulikokaa hakuna jirani aliyewahi kutuletea chakula. Ningejulia wapi?"

Moyo wa Sevtap ukalegea. "Usiniambie mimi. Mwenye sahani ni mama."

Jumapili mlango ukagongwa. Orkun, shati jeupe, unga mpaka kwenye nyusi, alishika sahani mpya iliyojaa biskuti.

"Nimepika mwenyewe, mama. Nisamehe."

Bi. Nurten akatafuna polepole. "Zimeungua."

"Ndiyo, mama."

"Na hii sahani yako, sisi tuirudishe na nini?"

"Na Sevtap, mama. Akikubali."

Birika likachemka jikoni, hakuna aliyelifuata. Bi. Nurten akamtazama binti yake.

Sevtap hakusema ndiyo. Alichagua biskuti iliyoungua kuliko zote, akaila mpaka ikaisha, kisha akaenda kumimina chai tatu.