Pembe ya Nne

Agizo la Moscow lilikuwa na maneno manne, limeshonwa ndani ya mkanda: *Farasi mweupe asifike sokoni.*

Maana yake: mzuie yeyote atakayejitangaza khan, mtawala wa mji, na kupanda farasi mweupe hadi sokoni.

Yanbulat alilikumbuka akiwa sakafuni, mikono imefungwa nyuma, shavu juu ya jiwe baridi. Alikuwa ndani ya nyumba ya makaburi ya makhan wa mji wa Kasimov. Kuta za mawe. Mlango mmoja. Watu kumi na wawili wenye bunduki.

Bastola yake, iliyoundwa Tula kwa Warusi, ilikuwa kiunoni mwa mjomba wake, mkuu wa ukoo, Bey Temirbek.

"Jasusi wa Moscow," mjomba alisema. "Nilikufundisha kupanda farasi ili uje kuninusanusa mimi?"

"Mjomba, mtoni kuna mizinga sita ya Moscow. Nisipotoka na kitambaa cheupe kabla ya adhuhuri, mtaa wetu unateketea. Mama yumo. Dada yako huyo!"

"Nenda katishe watoto."

Zaidi ya miaka mia mbili nyuma, Moscow ilimpa mji huu mwana wa khan aliyekimbilia kwao, atawale chini ya kivuli chake. Makhan walipanda, wakashuka, wakazikwa humu. Malkia wa mwisho alizikwa juzi, na Moscow haikutaka mwingine. Temirbek alitaka khan mpya. Alimleta Altynbek, kijana wa damu ya makhan, kutoka nyikani kwa mashua, chini ya ngozi za farasi, pamoja na bunduki.

Blanketi nene la sufu lilitandikwa. Khan hukaa katikati, na wakuu wa koo nne humwinua, kila mmoja na pembe yake. Bila hivyo hata mkewe hatamwita khan.

Pembe tatu zilikuwa na watu. Ya nne ilikuwa ya ukoo wa baba yake Yanbulat, na ukoo huo ulibakiwa na mwanamume mmoja tu.

Nje, jua lilikaribia utosini.

"Mfungueni," Temirbek aliagiza.

"Si umpe mmoja wa wahuni wako ashike?"

"Khan ainuliwe na mhuni? Wewe una wazimu. Shika. Ukikohoa tu, nakulipua."

Akashika.

"Bismillahi!"

Altynbek alipaa hadi mabegani mwao. Wazee wawili walilia. Yanbulat naye alimtaka khan kama wao, na aliumia kulijua hilo. Kisha akamkumbuka mama yake.

Akaachia.

Kijana alianguka kichwa chini, pu!

Hakuna aliyepiga risasi. Mzee wa pembe ya kwanza alitupa upande wake.

"Aliyegusa ardhi siku ya kuinuliwa si khan. Mimi naenda nyumbani."

Wa pili akamfuata. Bunduki zikawekwa sakafuni moja moja.

Temirbek alimwelekezea Yanbulat bastola.

"Piga, mjomba. Halafu utamwinua nani?"

Mjomba akakaa chini kwenye sufu, kando ya kijana aliyekuwa akipapasa kichwa chake. Yanbulat alichukua bastola yake, akaifuta vumbi, akatoka akipunga kitambaa.

Afisa wa Moscow alimpokea mtoni. "Khan yuko wapi?"

"Hakuna khan."

"Na waliomleta?"

"Sikuona mtu. Nimeona bunduki, ziko makaburini. Zichukue, uondoe mizinga yako."

Yanbulat alipanda kwenda mtaani bila kugeuka nyuma. Mama yake alikuwa mlangoni.

"Tumepata khan?"

"Hatuna, mama."

"Na kaka yangu?"

"Yu hai."

Mama alifunika uso kwa mtandio wake, akalia. Yanbulat alivua viatu, akaingia ndani.