Kichaka cha Mama Uwingabire

Ua njano lapendeza, likichanua uani;
Nani ajuaye giza, lililolala shinani?

Shangazi yangu Kaswera, muuza vitenge kutoka Butembo, alipohamia Karuba alipenda kila kitu isipokuwa uwanja wake mtupu. Ng'ambo ya njia ilikuwa nyumba ya Mama Uwingabire, jirani aliyekimbia vita na mwanawe mchanga. Mlangoni pake palibaki kichaka chenye maua ya manjano, mfano wa kengele.

"Kata kijiti tu, Mama Elodie," Damien, mkulima aliyekuja na jembe, alimshauri shangazi. "Kitaota."

"Na maua nitaiona nikisha kuzeeka? Ngoa yote, Damien. Wewe unaogopaka hata miti."

Kikang'olewa na mizizi yake, kikapandwa uwanjani kwa shangazi. Shangazi akakilisha samadi ya ng'ombe, akakitandikia maganda ya maharagwe, akapogoa matawi makuukuu. Kikashika. Kikachanua kuliko awali.

Mwezi huohuo Elodie, bintiye asiyejua bado kutambaa, alianza kukonda. Alinyonya, akalia njaa. Muuguzi hakuona ugonjwa. Shangazi aliona jambo ambalo hakumwambia mumewe: kila alipomnyonyesha mtoto ziwa la kushoto, la kulia nalo lilivutwa.

Matawi yalizidi kulemewa na maua. Elodie akawa mwepesi kuliko kitenge kilichombeba.

Alasiri moja, Damien akiwa anapalilia uwanjani, Mama Uwingabire alirudi. Alikuwa peke yake. Hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja penye kichaka, akapiga magoti.

"Mutoto wangu alikufaka mu njia," alinong'ona. "Kitovu yake njo nilizikaka chini ya hii muti."

"Niliona maua tu, Mama. Unisamehe," alisema shangazi, Elodie mikononi.

"Wewe uliona maua. Yeye alirudia kwa kitovu yake, akakuta mama." Akamtazama Elodie. "Wako wawili kwa ziwa yako. Huyu wako atakwisha."

Walikirudisha kichaka saa ileile. Damien alichimba. Wakafukia. Wakamwagia maji.

Kisha Mama Uwingabire akatandaza kitenge mgongoni, kitupu. Akainama mbele ya shangazi. Akangoja.

Kitenge kikavutika chini. Kikajaa.

Damien akatupa jembe, akakimbia.

Mama Uwingabire akafunga fundo kifuani, akainuka kwa shida. "Nyamaza, papa, mutoto wangu," alisema juu ya bega lake. Akashika njia ya Ngungu. Hakuna aliyemwona tena Karuba.

Shangazi akamweka Elodie ziwani. Mtoto akanyonya, akameza, akashiba. Ziwa la kulia lilitulia. Ila upande huo wa blauzi palikuwa na alama ya unyayo mdogo, wa udongo mbichi, ambayo hadi leo sabuni haijaifuta. Elodie hakuwa amegusa chini.

Mbele ya mlango ule alibaki amesimama Kaswera, na mtoto mmoja.