Kamba Aliyoikata Nyamoita

Jumapili ni siku ya kazi nyumbani kwa kina Nyamoita. Wao ni Wasabato, na kuimba na kupumzika kwao kuliisha jana yake. Kwa hiyo majirani Wakatoliki walipokuwa wakipita barabarani na viatu vya kung'aa, Nyamoita alikuwa amezama ndani ya nyasi za nepia hadi mabegani, panga mkononi, akimkatia ng'ombe majani. Ng'ombe huyo alikula kama mgeni aliyejialika harusini. Hakushiba wala hakushukuru.

"Ongeza kasi!" baba yake, Ochoki, alimpigia kelele kutoka kwenye michai. "Huyo atakula shati langu kabla hujamaliza."

"Lile la kijani? Alile tu, Tata. Sote tutapumua."

Ochoki alicheka. Ndivyo walivyozoeana, mtu na bintiye, wakitaniana huku kazi inaendelea. Nyamoita alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko Gredi ya Saba, na mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko panga lake. Siku hiyo ndiyo iliyomnyamazisha.

Mayowe yalitoka kwa jirani yao Gladys, mjane ambaye kila mtu alimwita Mama Mose. Ulikuwa mwezi wa pili, jua kali, na kisima chake kilikuwa kimebaki na tope. Wanawe wawili, Mose na Haron, walikuwa wakikichimba zaidi. Ili kuondoa maji machafu waliazima pampu ya petroli mjini Keroka. Kisima kilikuwa kirefu mno, pampu ikashindwa kuvuta maji ikiwa juu. Basi wakafanya jambo ambalo wachimbaji wengi hulifanya na kujiona wajanja: wakaishusha pampu ndani, wakaikalisha juu ya mbao, wakaiwasha hukohuko chini. Moshi wake haukuwa na pa kutokea. Baadaye pampu ikazima yenyewe.

Mose, mtu wa mizaha, alishuka kuitazama huku akipiga mluzi. Mluzi ukakatika.

"Mose! Wewe, acha michezo yako!" Haron aliita. Kimya.

Nyamoita na baba yake walipofika mbio, Haron alikuwa ameshafika nusu ya kisima, ameshika kamba, miguu yake ikitafuta vishimo ukutani. Nyamoita aliinama akachungulia.

"Namwona!" Haron alisema. "Amelala kwenye tope. Nakaribia, nita..."

Hakumaliza. Mikono yake iliachia kamba kama mtu aliyeshikwa na usingizi. Kisha sauti ya tope, basi. Hakulia hata "uwi".

Mama Mose alianguka magotini. "Ochoki! Watoto wangu wote wawili! Ochoki, wewe ni mwanamume au ni nini?"

Ochoki alivua viatu vyake vya gambuti. Nyuma yake Ishmael, kijana wa bodaboda, alikuwa tayari anakunja suruali. "Tangulia, mzee. Ukishindwa, nakuja." Na Mama Mose naye alijifunga leso kiunoni akisema, "Msiposhuka haraka nashuka mwenyewe. Mimi ndiye niliyewazaa."

Foleni ilikuwa imeshapangika.

"Tata, usishuke!" Nyamoita alimshika mguu.

"Niachie!"

"Hawakupiga kelele! Mose hakulia, Haron hakulia. Mtu akiteleza hulia! Kuna kitu huko chini."

"Nyamoita, toka hapo! Watu wanakufa, wewe unaleta hadithi?"

Ochoki alimsukuma, akaketi ukingoni, miguu ikining'inia ndani. Kamba ilikuwa imelala juu ya gogo la mdomo wa kisima. Aliishika, akaanza kuivuta ajizungushie mkononi. Nyamoita alitazama mgongo wa baba yake, shati limeloa jasho. Akainua panga na kulishusha juu ya gogo.

Kamba ilikatika kwa pigo moja. Sehemu ndefu ilijivuta kuingia kisimani kama nyoka anayekimbilia shimo lake, na Ochoki akabaki ameshika kipande cha urefu wa mkono.

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kisha Ochoki alisimama, akamzaba binti yake kofi lililomwangusha.

"Umewaua!" Mama Mose alipiga kelele. "Mmemwona? Huyu mtoto amewaulia wanangu ndani!"

Ishmael aliwasha pikipiki akaenda kutafuta kamba nyingine. Alizunguka maduka ya Keroka, na kila aliyopata ilikuwa fupi. Aliporudi na mbili za kuunganisha, gari la zimamoto lilikuwa limeshafika, kwani mama yake Nyamoita alikuwa amepiga simu bila kungoja kuambiwa. Wazimamoto hawakushuka haraka. Kwanza walishusha kidude kidogo cha kupimia hewa kwa uzi, nacho kikalia mfululizo kama kifaranga aliyepotea. Ndipo wawili wakavaa mitungi ya hewa mgongoni na kufunika nyuso zao. Waliwatoa Mose na Haron, mmoja baada ya mwingine. Wote wawili walikuwa wameshakufa.

Afisa aliyewaongoza, mwanamke aliyeitwa Valentine, alijaribu kuwaeleza watu habari ya moshi wa pampu. Lakini nani husikiliza maelezo mbele ya maiti wawili wa mama mmoja? Maneno ya afisa yaliondoka na gari lake. Maneno ya Mama Mose yalibaki kijijini.

Matangani Nyamoita alipeleka sufuria ya chai, na hakuna aliyeinua kikombe. Shuleni ilikuwa mbaya zaidi, maana watoto wana ukatili wao, nao hawauonei haya. Wasichana walipokuwa wakiruka kamba, rafiki yake Persis alimwona anakuja akasema kwa sauti, "Ficheni! Mkata Kamba huyo!" Wakacheka. Siku nyingine mvulana mmoja alipita nyuma yake akipiga mluzi, halafu akaukata ghafla. Nyamoita alienda kutapika nyuma ya madarasa.

Wanaume nao walikuwa na lao. Ochoki akipita sokoni, waliulizana kwa sauti ya kusikika kama siku hizi mzee huomba ruhusa kwa binti yake kabla ya kuingia bafuni. Ochoki aliongeza mwendo. Nyumbani alimkwepa binti yake. Alichuma chai upande huu wa shamba, Nyamoita upande ule, na ng'ombe alikula majani yake bila mtu kumtania.

Mvua zikaja, zikaisha. Mwezi wa tisa, Afisa Valentine alikuja nyumbani kwao, safari hii bila king'ora. Alikunywa uji, akausifu, kisha akaeleza kilichomleta. Sikukuu ya Mashujaa, katika uwanja wa shule, wangetunukiwa watu wa kawaida waliohatarisha maisha yao ili kuokoa wengine.

"Haron mmemwandika?" Ochoki aliuliza.

"Tumemwandika. Cheti chake na nishani atapokea mama yake. Na Nyamoita tumemwandika."

Ochoki aliweka kikombe chini. Nyamoita alitazama sakafu.

"Mimi sitaki," alisema.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mama Mose atakuwepo. Ataniona napewa zawadi kwa sababu wanawe walikufa. Afadhali hicho cheti mkitupilie mbali."

Valentine hakumbembeleza. Aliuliza tu, "Siku ile ulijuaje?"

"Sikujua. Niliona tu hawakupiga kelele. Nikajua Tata naye hatapiga." Alikuna sakafu kwa kidole cha mguu. "Lakini nikilala nafikiri, labda walikuwa hai. Labda nisingekata kamba, Tata angewatoa."

Miezi yote hiyo alikuwa ameibeba "labda" hiyo peke yake, naye hata hawezi kubeba debe la maji bila kupumzika njiani. Valentine alisimama.

"Swali hilo lina jibu," alisema. "Lakini jibu likibaki humu ndani halitakusaidia. Twende kwa Mama Mose."

Walienda wote watatu. Mama Mose alikuwa akianika mahindi uani. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa saruji. Alipomwona Nyamoita, uso wake ulijifunga.

"Huyu anataka nini kwangu?"

"Mimi ndiye niliyemleta, mama," Valentine alisema. "Nipe dakika chache, halafu utufukuze ukitaka. Moshi wa pampu una sumu isiyoonekana. Mtu akiivuta, nguvu humwisha kabla hajajua anaumwa. Siku ile kipimo chetu kilionyesha kwamba kule chini hapakuwa na hewa ya kumtosha mtu. Mose alianguka palepale. Haron naye. Mtu yeyote ambaye angeshuka bila mtungi mgongoni asingemtoa mtu."

"Angefanyaje?"

"Angelala juu yao."

Mama Mose aliendelea kutandaza mahindi. "Kwa hiyo Ochoki angekuwa wa tatu."

"Ndiyo."

"Na Ishmael wa nne." Aliacha mahindi. "Na mimi nilikuwa nimeshajifunga leso."

Kuku alikuja akadonoa mahindi mbele yao na hakuna aliyemfukuza.

Ochoki ndiye aliyesema kwanza. Hakumtazama Mama Mose, alimtazama binti yake. "Nilimpiga kofi," alisema. "Huyu aliniacha hai, nami nikampiga kofi. Amekuwa akidhani nina hasira naye. Si hasira, Nyamoita. Ni aibu. Kila nikitaka kusema, naona hata shati langu linanicheka. Nisamehe, binti yangu."

Nyamoita alifunika uso akalia. Kuanzia mwezi wa pili hakuwa amelia mbele ya mtu.

Mama Mose alimwacha alie. Kisha akasema polepole, kama mtu anayefungua fundo gumu, "Hewa haina uso, mtoto wangu. Nilitaka wa kumkasirikia, na wewe ulikuwa na uso. Njoo hapa unisaidie kuanika."

Sikukuu ya Mashujaa ilipofika, uwanja wa shule ulijaa. Jina la Haron lilisomwa kwanza. Mama Mose alienda mbele, akapokea cheti, akavishwa nishani ya mwanawe kifuani. Watu walipiga makofi, na wengi walifuta machozi.

Kisha jina la Nyamoita likasomwa. Makofi hayakuja. Mahali fulani nyuma mtu alipiga mluzi mfupi na kuukata.

Mama Mose alikuwa bado jukwaani. Aliomba kipaza sauti, akakigonga mara mbili kwa kidole.

"Aliyepiga mluzi huo aje auumalizie hapa mbele yangu," alisema. Alizungusha macho uwanjani. "Hayupo? Sawa. Sasa nisikilizeni. Mimi ndiye niliyesema mtoto huyu ameua wanangu, na nyinyi mkaniamini kwa sababu nilikuwa nalia. Nilikosea. Siku ile tulikuwa tumejipanga foleni ya kwenda kufa. Asingekata kamba, leo vyeti vingekuwa vingi hapa na hakuna wa kuvipokea.

"Nyinyi watoto, shikeni neno hili. Kumpenda mtu ni kuzuri, na Haron wangu alimpenda ndugu yake mpaka mwisho. Sitasema vingine. Lakini moyo usiiache akili nyumbani. Mtu akianguka kisimani au shimoni ghafla na kimya, msimfuate. Pigeni mayowe, waiteni wazimamoto, wazuieni wanaotaka kurukia. Pampu ya petroli isishushwe kisimani, hata mkiambiwa ni ya mara moja tu. Na mkimwona mtu anazuia watu kwenye hatari, msikimbilie kumwita mwoga. Kushuka kunahitaji ujasiri. Kumzuia baba yako mbele ya kijiji kizima kunahitaji ujasiri zaidi. Nyamoita, njoo uchukue chako. Miguu yangu inauma kwa kusimama."

Nyamoita alipanda jukwaani. Persis alisimama kwanza miongoni mwa wanafunzi, kichwa kimeinama, akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Lakini kwenye safu za wazazi kulikuwa na mtu aliyepiga makofi kwa nguvu hadi waliokaa mbele wakageuka kumtazama.

"Ni wangu huyo," Ochoki aliwaambia, machozi yakimshuka. "Anaongea sana nyumbani. Lakini ni wangu."