Mabega ya Aliyeondoka

Jua lilipoanza kukunja mkeka wake, Fundi alitia shati jipya la kinyozi mfukoni, akatia na mkasi na futi ya kupimia, maana siku hizi marekebisho hayakosekani, akaelekea nyumbani kwa kinyozi. Mashati yake yote ya kiume yalitoka na mabega mapana. Uwe kibonge, uwe ufito, utavaa mabega yale yale.

"Fundi, hili nivae peke yangu au nitafute mpangaji?" wateja walimtania.

Hakucheka. Mabega yale aliyajua. Yalikuwa ya mume wake, aliyemfundisha cherehani tangu akiwa binti, akamwoa, kisha akahamia kwa mteja wao, akimwachia kanuni moja: fundi wa kweli hapimi, hutazama tu. Na jicho la Fundi lilikuwa limejaa mtu mmoja.

Kinyozi alikuwa mwembamba kiasi kwamba mkewe akimtafuta kitandani hupapasa kama aliyeangusha sindano. Alivaa shati sebuleni, taa haijawashwa.

"Limempwaya tena," mkewe akanong'ona.

Halikumpwaya.

Kitambaa kilikuwa kinajaa. Taratibu... kama unga unaoumuka. Bega la kulia. La kushoto. Shingo ikanenepa, mshono ukalia krrr. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya cherehani na sigara. Harufu ya shuka za Fundi za zamani.

"Umechelewa, Kijiti."

Jina lile hakuna aliyelijua mtaani. Fundi aliitwa hivyo chumbani tu, gizani, na mtu mmoja.

"Baba watoto," mke wa kinyozi akasema, "hiyo sauti umeitoa wapi?"

Kile kitu kilitabasamu kwa mdomo wa kinyozi, nao ulikuwa mdogo kwa tabasamu lile. Pembe zikachanika.

"Nilikuambia bila mimi wewe ni kijiti cha kuchokonolea meno. Nani mwingine atakutaka? Umeniita kwa kila shati. Haya, nimekuja. Twende nyumbani."

Miguu ya Fundi ikasogea. Aibu iliyoje: mmoja, na wa pili ukafuata. Miaka yote aliyangoja maneno haya, pamoja na matusi yake.

Mke wa kinyozi akamshika mkono. "Dada... mume wangu bado yumo humo?"

Fundi akasita. Akatoa futi.

"Simama nikupime."

"Fundi wa kweli hapimi."

"Ndiyo maana nakupima."

Akaipitisha futi mgongoni. Baridi ikampanda vidoleni kama ameshika samaki wa jana. Akabonyeza, akapapasa chini ya kitambaa, mpaka akaupata mfupa: mwembamba, wa moto, unatetemeka. Wa kinyozi. Kilichobaki kilikuwa upepo mtupu, na aliyeupuliza ni yeye mwenyewe.

Akaingiza mkasi kwenye kola, akachana mpaka chini.

Shati likapiga yowe. Naam, shati, kinyozi alikuwa amefumba mdomo.

Kisha kinyozi akaanguka, mgongo wazi, damu mdomoni. "Sasa Fundi," akalalama, "shati jipya unalichana?"

"Nyamaza wewe," mkewe akasema, akimkumbatia kwa nguvu za kuvunja mbavu.

Nyumbani, Fundi alisimama mbele ya kioo cha wateja, akazungusha futi mabegani mwake kwa mara ya kwanza maishani. Yalikuwa membamba, moja limeshuka kwa kuinamia cherehani. Akayatazama vizuri. Hayakuwa na kasoro ya kumuomba mtu radhi. Akakunjua kitambaa kizuri alichokuwa akimwekea yule mume aliyeondoka, akajikatia gauni.

Alikuwa anamalizia mkono wa pili mlango ulipogongwa.

"Fungua, Kijiti."

Haikuwa sauti moja. Alimsikia mwalimu. Alimsikia fundi bomba, na muuza mkaa, na mlinzi wa benki... wote waliovaa mashati yake, wanaume wengi, koo moja.

Kitasa kikazunguka.

"Nani mwingine atakutaka, Kijiti?"

Akamaliza mshono. Akakata uzi kwa meno. Akavaa gauni lake, likamkaa. Kisha akachukua mkasi, akafungua mlango.

"Pangeni foleni," akasema.