Uso Kwenye Picha za Nyota

Giza lilipoanza kuingia, na mama akiwa ameshamaliza kuanua nguo kwenye paa la zege, Babu alisimama chini ya ngazi akakohoa mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Chiriku aliacha daftari la hesabu, akabeba mfuko wa nyaya na kiti cha kukunja, akamfuata. Darubini aliibeba Babu mwenyewe, ameikumbatia kama mtoto aliyesinzia. Akiwa ngazini hakumruhusu mtu kuigusa, hata mama, binti yake wa kumzaa.

Babu alikuwa mpiga picha. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa studio, na watu wa mtaa mzima walikuwa wamekaa kwenye kigoda chake wakanyoosha shingo kupigwa picha za pasipoti na vitambulisho. Lakini jioni alipiga picha za nyota. Alisimamisha miguu mitatu ya darubini juu ya alama za chaki, akaiweka sawa, kisha akawasha mota ndogo iliyoigeuza darubini polepole ili isiachwe nyuma na nyota. Nyuma ya darubini kulikuwa na pete ya chuma yenye lenzi ndogo ndani, na kwenye pete hiyo ndipo ilipofungwa kamera. Babu alibonyeza kitufe cha waya, kamera ikafumbua jicho kwa dakika mbili nzima. Katika dakika hizo hakuna aliyeruhusiwa kutembea wala kuegemea ukuta, kwa sababu hata hatua moja ingezitikisa nyota.

Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu anapoamka mpaka anapolala. Mama alisema kwamba dakika mbili za kamera ndizo pekee ambazo nyumba ilipata amani.

Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Yeye na Babu ndio walioiunganisha ile darubini, miaka sita kabla, na mkono wa mwisho kukaza skrubu za pete ulikuwa wa Bibi. Tangu siku hiyo pete haikufunguliwa. Hivyo ndivyo Babu alivyoamini.

Mchana mmoja, Babu akiwa studio na mteja, Chiriku alimleta nyumbani rafiki yake wa darasani. Alikuwa amejigamba shuleni kwamba ndani ya darubini yao mna lenzi inayoweza kuonyesha mwezi hata mchana, na rafiki yake akamcheka. Ili kumnyamazisha, Chiriku alilegeza skrubu za pete, akaitoa kamera na kuchungulia. Mwezi haukuonekana. Dole gumba lake, lililokuwa bado lina mafuta ya kujipaka, liliteleza likaigusa ile lenzi ndogo. Alijaribu kuifuta kwa pindo la sketi ya shule, doa likazidi kutanda. Akarudisha kila kitu, akakaza skrubu, akamwomba rafiki yake asiseme.

Jioni ile ile Babu alipiga picha ya Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana. Alipoifungua kwenye kompyuta, alisogeza uso karibu na kioo. Chini kidogo ya katikati ya picha kulikuwa na wingu jeupe lenye umbo la yai. Akahisi ni umande, akafuta lenzi kubwa ya mbele, akapiga tena. Wingu lilikuwa pale pale. Akabadilisha waya, akajaribu kompyuta nyingine, akaielekeza darubini upande mwingine kabisa wa anga. Popote alipoielekeza, wingu lilimfuata.

Mwisho alimgeukia mjukuu wake, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna mtu aliyeifungua ile pete.

"Hapana, Babu," Chiriku alisema.

Babu aliitikia kwa kichwa. Kama pete haikufunguliwa, basi ndani yake hamngeweza kuwa na uchafu. Hakuuliza tena.

Siku zilizofuata aliendelea kupiga. Kila picha aliichapisha, akaibandika kwenye ukuta wa ukumbi mwembamba unaoelekea vyumbani. Zilipofika tano, alimwita mama, akamwonyesha. Ndani ya lile wingu mlikuwa na mistari myembamba iliyojikunja, kama mikunjo ya kitambaa kilichofungwa kichwani. Chini yake kulikuwa na vivuli viwili kama macho, na kivuli kingine kidogo kama mdomo.

"Mtazame mama yako," Babu alisema taratibu. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akikifunga kitambaa chake."

Mama aliirudia cherehani yake, akashona mshono mmoja mara tatu bila kujua.

Tangu hapo nyumba ilibadilika. Babu hakuwa na huzuni, na hilo ndilo lililotisha zaidi. Alikuwa mtulivu kama msafiri aliyekwisha kukata tiketi. Saa yake ya mkononi alimpa jirani. Taa za studio alimpa kijana aliyekuwa akijifunza kazi, akamwambia azitunze vizuri. Siku moja alirudi na kitambaa cheupe cha sanda, kimekunjwa ndani ya gazeti, akakiweka chini kabisa ya sanduku lake. Mama alikiona alipokuwa akipanga nguo. Aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa viganja, na Chiriku akaondoka mlangoni kwa ncha za vidole.

Chiriku alijua kwamba ule si uso. Ni dole gumba lake. Alijiambia hivyo kila mara, na mchana aliamini. Lakini usiku, ili afike kitandani, ilimbidi apite kwenye ule ukumbi, na picha zikawa zimefika tisa. Nyuso tisa nyeupe zilimtazama kutoka gizani, zote zikiwa na kitambaa kilekile. Alikumbuka kwamba Bibi alikuwa na jicho la kumjua mtu aliyesema uongo kabla hajafumba mdomo. Sasa alihisi jicho lile likimfuata mgongoni. Alianza kupita mbio, kisha akaanza kupita amefumba macho, akipapasa ukuta, na siku moja vidole vyake viligusa karatasi baridi akaganda pale pale. Alipokuwa kitandani alisikia zege la paa likilia kwa kupoa, akadhani ni nyayo. Chiriku aliyejulikana kwa maneno mengi akawa haongei. Mwalimu aliuliza kama anaumwa. Mama akamgusa paji la uso, lakini halikuwa na joto.

Mara nyingi maneno yalimfika kwenye ulimi. Lakini kila siku iliyopita iliyafanya kuwa mazito zaidi. Mwanzoni angekiri doa tu. Sasa angelazimika kukiri saa iliyotolewa, kitambaa sandukuni, machozi ya mama.

Jumamosi moja jioni Babu alipanda ngazi kukagua alama za chaki kabla ya kuibeba darubini, akafika katikati, akashika ukuta, akateleza mpaka akakaa. Uso wake ulikuwa umejaa jasho. Mama alikuja mbio kumletea maji. Alipofungua droo kutafuta vidonge vya presha ambavyo Babu alipaswa kuvimeza kila siku, alikuta pakiti mbili nzima, hazijaguswa. Aliuliza, na Babu akajibu bila kuficha kwamba hakuona sababu ya kuvimeza.

"Mtu akishaitwa," alisema, "anachelewa kwa ajili ya nini?"

Chiriku alikuwa amesimama ngazi tatu juu, mfuko wa nyaya mkononi. Mfuko ulimponyoka. Alishuka, akapiga magoti mbele ya Babu yake, na maneno yakatoka yote kwa pamoja, bila mpangilio: rafiki, mwezi wa mchana, mafuta, pindo la sketi. Alisema kwamba Babu hajaitwa na mtu. Alisema kwamba alidanganya.

Mama aliinua mkono, kisha akaushusha. Babu hakufoka. Alimtazama mjukuu wake kama anayeangalia kitu kilicho mbali sana.

"Kidole gani?" aliuliza.

"Dole gumba. La kulia."

Mama alimpa vidonge, Babu akavimeza bila ubishi, lakini alisema hatashuka. Anataka kuona. Ilibidi mama amshike mkono mmoja na Chiriku mkono mwingine, wakampandisha polepole hadi juu. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, darubini ilipandishwa na mama.

Babu alielekeza kazi akiwa amekaa kwenye kiti. Kwanza alimwagiza Chiriku apige picha moja vile vile mambo yalivyo. Uso ulikuwepo, mahali pake. Kisha akamwambia alegeze skrubu za pete na kuizungusha pete peke yake robo mzunguko, mama akiishika kamera isizunguke nayo, wala darubini isisogee. Kama ni kitu kilichoko angani, kitabaki kilipo, kwa sababu nyota zinabaki zilipo. Kama kiko kwenye lenzi ya pete, kitazunguka pamoja nayo.

Chiriku aliizungusha pete, akakaza skrubu, akabonyeza kitufe. Dakika mbili zilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuzisubiri, na katikati yake alijikuta hajui anataka jibu lipi. Picha ilipofunguka, nyota hazikuwa zimesogea hata moja. Uso ulikuwa umehamia pembeni, umelala ubavu. Ulipolala hivyo haukuwa uso tena. Mistari yake ilionekana wazi kuwa ya kidole.

Babu alitoa mfukoni karatasi laini na chupa ndogo ya dawa ya kusafishia lenzi. Zile skrubu alizowahi kuzikaza Bibi alizifungua mwenyewe, moja moja. Alisafisha lenzi kwa kuizungusha kutoka katikati kwenda nje, akamwonyesha Chiriku jinsi ya kufanya, akaifunga. Picha iliyofuata ilikuwa safi. Nyota zilikuwa kama ncha za sindano, na pale palipokuwa na wingu palikuwa na weusi mtupu. Babu aliangalia ule weusi kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia nyota.

"Nilikuwa nimeshamzoea," alisema.

Hapo ndipo Chiriku alipolia. Alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilionekana dogo. Alilisema hata hivyo, kwa Babu, kisha kwa mama. Mama alimwagiza kwamba kesho aende kwa jirani na kwa kijana wa taa kuwaeleza mwenyewe kilichotokea, bila kumsingizia mtu. Chiriku alikubali.

Babu alimvuta, akamkalisha kwenye zege karibu na miguu yake.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Doa lenyewe limechukua dakika tano kulifuta. Siku ile ungeniambia, ningekugombeza kidogo, tungecheka, tukaendelea na kazi. Lakini nilipokuuliza ukasema hapana, nilikuamini, nikaacha kutafuta mahali pale. Anayekuamini hatazami tena pale ulipomwambia asitazame. Hata ungekuwa umekosea namna gani, usimnyang'anye mtu ukweli anaouhitaji kwa sababu ya kuogopa maneno mawili matatu. Na mimi nimekosa. Nilikuwa na hamu ya kumwona, nikaacha dawa, nikaacha hata kufanya jaribio ambalo ningemfundisha mtoto. Kesho nakwenda kupimwa presha, na wewe utanisindikiza."

Chiriku aliahidi. Ngazi na ukumbi vilikuwa kimya chini yao, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi hakuviogopa, ingawa alihisi upweke fulani, kana kwamba kuna mtu ameondoka nyumbani bila kuaga. Alimtazama Babu, akajua hakuhisi hivyo peke yake. Kisha Babu akamkabidhi waya, akamwambia anyamaze, na Chiriku akabonyeza kitufe.