Kibegi cha Chumba cha Pembeni

Kila sikukuu ya mwisho wa mwaka tulikuwa tunavaa vitu vya watu tusiowajua, na tulikuwa tunacheka sana.

Mama mdogo anatandika vitanda katika hoteli iliyo karibu na stendi ya mabasi. Wasafiri husahau vitu: miavuli, mikanda, miwani, soksi moja moja. Vyote huwekwa kwenye kabati chini ya ngazi. Mwaka ukipita bila mwenyewe kurudi, kitu kinakuwa cha aliyekiokota. Kwa hiyo sikukuu ikifika, Mama mdogo huja na mfuko umetuna, na kila mmoja anapata zawadi yake. Babu peke yake ana miwani mitatu.

"Wenyewe wako wapi?" Mama humuuliza.

"Wanaitafuta," Babu hujibu, "lakini wataionaje?"

Anayelinda kabati lile ni mzee wa mapokezi, tunamwita Mzee Funguo. Hampi mtu kitu mpaka ataje alama tatu. Siku moja mwenye hoteli mwenyewe alisahau kofia yake kwenye kiti, naye akaambiwa, "Taja alama, bosi." Mama mdogo akiigiza ile sauti nzito ya puani, tulikuwa tunashika mbavu.

Mwaka mmoja mdogo wangu wa kike alipata kibegi cha mgongoni.

Tulimwita Kinanda kwa sababu hakunyamaza. Alikuwa na miaka sita. Aliongea akila, akioga, hata usingizini, huku amelishika sikio langu, maana bila kulishika hakupata usingizi. Baba alifariki Kinanda akiwa anatambaa. Mama akaanza kufua nguo za watu kutwa nzima, mimi nikaacha shule nimlee mtoto. Kovu la goti lake la kushoto, alipojimwagia chai, nalijua kama kiganja changu.

Kibegi kilikuwa cha bluu, kimeshonewa viraka vyenye picha: treni, daraja, mlima wenye kilele cheupe, meli. Kila kiraka kilikuwa mahali ambapo mtu alifika.

"Mtoto mwenye kibegi hiki katembea kuliko Babu," Mama alisema.

Kesho yake nilikuwa nachambua mchele. Kinanda akaweka kidole kwenye picha ya treni.

"Humu tulilala. Baba alinifunika koti lake. Lilikuwa linanuka tumbaku."

Nikacheka. "Baba yupi, we mwongo?"

"Baba."

Jioni paka wetu alipomparamia mapajani, aliruka kwa hofu. "Huyu paka wa nani?" Na yeye ndiye aliyemwokota paka yule, hata macho hajafumbua.

Alipotusimulia habari za daraja, alisahau njia ya chooni. Aliposimulia mlima, alimwamkia Mama kama unavyomwamkia mpita njia. Mama alidhani ni mzaha. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akamwambia, akamkabidhi ufagio. Kinanda akautazama, akaurudisha kwa adabu.

Siku ya meli nilimkuta amekaa kitandani. Amevaa viatu. Nguo zake zimekunjwa na kupangwa pembeni.

"Dada," aliniita, nikafurahi kusikia ananijua. "Wewe ndiye unayetandika humu? Mwambie baba niko tayari."

Nilikichukua kile kibegi nikakitupa jalalani. Niliporudi chumbani kilikuwa mgongoni mwake.

Nilimfuata Mama mdogo nikamlilia mpaka akasema.

"Nilikikuta chumba cha pembeni, ghorofa ya juu," alinong'ona. "Alilala mwanamume mmoja. Alilipia kitanda kimoja. Asubuhi akaondoka peke yake. Lakini, mwanangu, bafuni mlikuwa na miswaki miwili. Yote imelowa."

"Na mtoto?"

"Nani alimwona mtoto? Nilitandika, nikafunga mlango."

Tukakubaliana kukirudisha. Tulikwenda mchana, jua linawaka. Kinanda hajawahi kukanyaga hoteli ile, lakini alitutangulia. Alipanda ngazi. Alipita milango yote. Akasimama kwenye ule wa mwisho, akasubiri afunguliwe.

Kilikuwa chumba cha kawaida. Kitanda, kiti, pazia lililofifia. Alivua kibegi akakisukuma chini ya kitanda, kisha akakaa ukingoni.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo nilipoambiwa nisubiri."

"Haya, tumekirudisha," Mama mdogo alisema haraka. "Twendeni zetu."

Nikamvuta mkono. Hakusogea. Tukamvuta wote wawili. Mwili wake mdogo ulikuwa mzito kama gunia la saruji, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilipiga magoti sakafuni.

"Ni wangu," nilisema. "Tafadhali. Huyu ni wangu."

Mdomo wake ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya puani.

"Taja alama."

Mama mdogo alijiziba mdomo. Mzee Funguo alikuwa chini, mapokezi. Tulimsikia akikohoa.

Akili yote ilinitoka. Nilishika lililokuja.

"Jino lake la mbele limemeguka."

Akafungua mdomo, akaligusa.

"Akilala hushika sikio."

Akapapasa sikio lake.

"Ana kovu gotini. Kovu la chai."

Hapo alikawia. Aliinama akayatazama magoti yake, moja, kisha la pili, kama mtu anayechagua nguo dukani. Taratibu akayafunika kwa gauni.

"Sawa," alisema. "Chukua."

Akasimama, mwepesi kama unyoya. Tulishuka mbio. Sikugeuka nyuma.

Nyumbani alimwita Mama, Mama. Alimwita paka kwa jina lake. Mama alimkumbatia akalia. Usiku ule alilala kimya, ameshika sikio. Lilikuwa sikio lake mwenyewe. Nilijiambia amechoka.

Siku zikapita. Akawa haongei mpaka aulizwe. Anamaliza chakula, anashukuru. "Mwanangu amekua," Mama alisema. Paka hakuingia tena ndani.

Siku niliyomwogesha, nilimsugua mguu wa kushoto kwanza. Goti lilikuwa laini kama ganda la yai. Nikadhani nimekosea. Nikashika mguu wa kulia. Kovu lilikuwa pale. Umbo lile lile.

Sikuwa nimetaja goti lipi. Sikuwa nimesema sikio la nani.

Alikuwa ananitazama. Akavuta taulo, akayafunika magoti.

Sikumwambia Mama. Ningemwambia nini? Nilikwenda hotelini, na Mama mdogo alinipokea mlangoni, uso umemshuka.

"Wageni wanahama," alinong'ona. "Wanasema mtoto wa chumba cha pembeni hanyamazi. Anapiga domo mpaka alfajiri. Na chumba ni kitupu."

Nilimnyang'anya ufunguo.

Chini ya kitanda hapakuwa na kibegi. Shuka lilikuwa limetandikwa vizuri, ila ukingoni palikuwa pamebonyea kidogo. Mama mdogo alilinyoosha kwa kiganja. Likabonyea tena.

"Goti la kushoto!" nililia. "La kushoto! Sikio langu mimi, dada yako. Nilikosea. Nitaje upya, naomba!"

Nikapiga magoti kando ya kitanda.

Mzee Funguo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na mzaha usoni.

"Binti," alisema polepole, "kitu kikishachukuliwa hakitajwi mara ya pili."

Nililaza kichwa kitandani, kando ya pale palipobonyea, nikafumba macho.

Kitu kidogo, chenye joto, kikalishika sikio langu.

Sijui nilikaa vile muda gani. Mama mdogo ndiye aliyeniinua. Tangu siku hiyo sikioni nina alama nne nyekundu, ndogo, za vidole, nyuma ya sikio na moja mbele. Nimeosha kwa sabuni. Nimepaka mafuta. Haziondoki.

Jioni ile nilikuwa nasuka nywele mbele ya kioo. Yule aliye nyumbani akaja akasimama nyuma yangu, akaziangalia zile alama kwa muda mrefu.

"Dada," aliuliza kwa adabu, "nani amekushika?"